Mwendo wa Mayai

Rosalia alikuwa ameapa kwamba uwanja ule haukanyagi. Ijumaa Kuu, wenzake wa jumuiya walipokuwa wakijiandaa kwenda kwenye Njia ya Msalaba, yeye alikuwa uani kwake, Boko, anasugua pikipiki kwa mswaki uliochakaa. Alianza na spoku za gurudumu la nyuma, akaja kwenye mnyororo, akamalizia na tangi, mpaka akajiona uso wake humo, umepanuka kama wa samaki.

Kutoka uwanja wa mpira zilisikika spika zikijaribiwa. Bodaboda wa Boko walikuwa wamewaalika wenzao kwa siku zote nne za Pasaka: wa Bunju, wa Tegeta, wa Mbweni, mpaka wa Kiwalani kule karibu na uwanja wa ndege. Wangeonyeshana pikipiki zilizopambwa, wangekula na kucheza, na Jumatatu wangefunga kwa mashindano na msafara wa barabarani.

"Siendi," Rosalia alimwambia jirani yake Flaviana, aliyekuwa anaanika nguo. "Hata wakinitumia gari."

"Sasa pikipiki unaioshea nini?"

"Uchafu hauna sikukuu."

Flaviana aliendelea kuanika. Kisa alikijua, na Boko nzima ilikijua.

Kijiwe cha bodaboda cha pale kiliitwa Kokoto, kwa kuwa kilianzia kando ya lundo la kokoto ambalo mwenye nalo hakurudi kulijengea. Waanzilishi walikuwa saba, na wa saba alikuwa Rosalia, mwanamke peke yake. Mwaka huo mumewe Albano, mchongaji wa vinyago, alikuwa amehama na mwanamke mwingine na kumwachia gogo la mpingo lililochongwa nusu pamoja na pikipiki isiyowaka. Mwanamume akiwa na haraka ya kuondoka huwa hakumbuki anachokiacha, na Albano aliacha magurudumu. Rosalia aliipeleka kwa fundi, akajifunza kuendesha alfajiri uwanjani wakati hakuna wa kumcheka, na kabla ya mvua za vuli alikuwa anabeba abiria. Kijiwe kilipogawa vizibao vya kung'aa vyenye namba, chake kiliandikwa saba. Kusoma hakujua, ila namba ile aliijua kwa sura: kama jembe dogo limesimamishwa.

Miaka miwili nyuma mama yake aliugua huko Newala. Utaratibu wa kijiwe ulikuwa kwamba anayesafiri siku nyingi anaacha karatasi kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Ansbert, Mngoni wa Songea, mtu wa rika lake, na tena mtani wake, maana Rosalia ni Mmakonde. Ansbert aliandika, akamsomea.

"Ni ya ruhusa, mtani. Inasema unakwenda kumuuguza mama. Weka dole gumba hapa."

Akaweka. Akauguza miezi mitatu, akazika, akarudi Dar na kanga nyeusi. Pale Kokoto alimkuta kijana anaitwa Deogratias, mtoto wa dada yake Ansbert, amevaa jembe lake mgongoni. Alipouliza, aliletewa karatasi ileile. Chini ya maneno ya ruhusa kulikuwa na mengine: kwamba yeye Rosalia ameamua kupumzika kazi, na nafasi yake anaiacha kwa mwingine. Na dole gumba lake lilikuwa hapo, jeusi, limetulia kama shahidi aliyelipwa.

Hakupiga kelele. Alifanya jambo zito zaidi: aliua utani. Kuanzia siku ile Ansbert alimrushia maneno kila walipokutana, kwamba Wamakonde hivi, Wamakonde vile, naye alijibu, "Sawa, mwenyekiti," akapita. Mwenye mtani wake anajua jibu hilo linavyochoma. Tusi la mtani ni salamu, na anayekosa hata tusi ameshazikwa hai.

Kwa kuwa hakuwa na kijiwe, Rosalia hakuruhusiwa kupakia abiria barabarani. Akaingia kwenye mayai. Alfajiri alikwenda kwenye mabanda ya kuku ya Bunju, akafunga trei kumi, wakati mwingine kumi na tano, akashuka nazo Tegeta polepole, akizunguka kila shimo na kulipanda kila tuta kwa adabu. Vijana wa Kokoto walimpita wakipiga honi.

"Mama Kobe, utafika Pasaka ijayo!"

Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa na mayai.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, alipitia dukani kwa Bi Shehnaz, Tegeta. Bi Shehnaz alikuwa Bohora, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mnene, aliyekuwa akiuza keki na sambusa hapo pamoja na mumewe Zoeb tangu barabara ile haijapanuliwa. Siku hiyo alikuwa amevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya embe bivu iliyotariziwa maua.

"Shikamoo, Bi Shehnaz."

"Marahaba. Kesho saa nne nataka trei nane uwanjani Boko. Wale bodaboda wameniagiza."

"Mtafute mwingine."

"Mwingine nani? Yule wa juzi aliniletea omleti."

"Bi Shehnaz, unajua pale pana watu gani."

"Najua. Mie nataka mayai yafike, sijakwambia ukawabusu. Na ukishayafikisha urudi kunichukua na mie. Miaka yote hii nasikia muziki wa wenzangu nikiwa nyuma ya kaunta. Zoeb atakaa dukani."

Zoeb, aliyekuwa anapanga chupa za sharubati, aliinua macho, kisha akaendelea kupanga.

Ndivyo Rosalia alivyoukanyaga uwanja alioapa kutoukanyaga. Usiku mvua ya masika ilikuwa imenyesha, na Jumatatu asubuhi jua lilitoka kali, uwanja ukawa unafuka mvuke kama sufuria ya wali. Aliwahi kuona sherehe, lakini si kama ile. Pikipiki za Tegeta zilikuwa zimevishwa maua ya plastiki kama mabibi harusi. Jamaa mmoja wa Bunju alikuwa ameijengea yake paa la makuti, na chini ya makuti amening'iniza taa ya chemli. Wa Kiwalani walikuja na pikipiki iliyobeba spika kubwa kuliko dereva, ikipiga singeli hadi maji ya madimbwi yakawa yanatetemeka. Harufu ya mishkaki ilitanda kila upande. Rosalia alishusha mayai, akarudi Tegeta kumfuata Bi Shehnaz, na aliporudi naye, miguu yake ilikuwa tayari inaguswa na ile ngoma pasipo yeye kuipa ruhusa.

"Mbona unatikisa bega?" aliuliza Bi Shehnaz.

"Ni baridi."

"Jua hili?"

Kwenye meza ya waandaaji, Ansbert alikuwa ameshika kipaza sauti. Kizibao chake cha mwenyekiti, namba moja, alikuwa amekivua kwa joto na kukitundika kwenye usukani wa pikipiki yake.

"Ndugu zangu," alisema, "watu wanatusema kwamba bodaboda tunachojua ni kukimbia. Juzi Jumamosi tumekimbia, na mpwa wangu Deogratias amewashinda wote. Leo tunashindana kwenda polepole. Hatua arobaini, kutoka mstari huu wa majivu mpaka ule. Abiria wako amepakata trei la mayai. Ukigusa mguu chini, umetoka. Yai likianguka, umetoka. Anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Na anayeingia awe na kizibao cha kijiwe chenye namba."

Bi Shehnaz alimgeukia Rosalia. "Si kazi yako hiyo ya kila siku?"

"Sina kizibao."

"Nitakushonea."

"Hakishonwi, Bi Shehnaz. Kinatolewa."

Hapo Ansbert alimwona. Akafanya alivyozoea kufanya kwa miaka miwili, kurusha jiwe kwenye kisima ambamo maji hayasikiki.

"Aa, naona mayai yameletwa na Mmakonde. Hawa babu zetu waliwafukuza wakapanda mlimani, na mpaka leo wanaogopa kushuka. Ndiyo maana anaendesha vile, anachungulia kama tumeshaondoka."

Wageni walicheka. Watu wa Boko hawakucheka, walitazama chini, kwa sababu walijua jibu: sawa, mwenyekiti.

Rosalia mwenyewe hakujua ni kitu gani kilimsukuma. Huenda ni singeli. Huenda ni yale mayai, ambayo yeye ameyabeba miaka miwili na sasa wengine wanayachezea mbele ya macho yake. Alijikuta anatembea. Alipita mbele ya meza, akafika kwenye pikipiki ya mwenyekiti, akakichukua kile kizibao, akakivaa na kufunga zipu mpaka shingoni.

Vichwa vyote vikamgeukia. Hata yule wa Kiwalani alipunguza spika.

"Nyie mlitembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu," Rosalia alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza, "kila mji mnaulizia njia. Mpaka leo hamjui mnakokwenda. Ndiyo maana mlipoona pikipiki mkazipenda, mkidhani zenyewe zinajua. Kizibao nimechukua. Ukikitaka, njoo ukikomboe."

Kila mwenye watani uwanjani alielewa. Kitu kilichochukuliwa na mtani hadharani hakinyang'anywi. Mwenyewe anakikomboa kwa kile atakachotajiwa. Na anayekasirika ndiye mwenye kosa, analipa kuku na aibu juu.

Ansbert alianza kucheka, taratibu kwanza, halafu kwa mwili mzima, akafuta macho kwa mkono uleule ulioshika kipaza sauti, watu wakasikia mikwaruzo.

"Jamani," alisema, "mtani wangu amefufuka. Na ni Pasaka."

"Mjomba, huyo hana namba," alisema Deogratias.

"Namba hiyo hapo mgongoni. Moja. Huioni?"

Walishindana sita sita. Vijana walichagua abiria wasichana wembamba, wakidhani wepesi ndio msaada. Rosalia alijua vingine. Mzigo mwepesi hutikisika, na kila ukitikisika unamvuta dereva. Mzigo mzito uliotulia ni nusu ya usukani. Alimpakia Bi Shehnaz upande mmoja, miguu pamoja, rida imekunjwa vizuri, trei la mayai mapajani.

"Usinishike mabega. Shika mayai tu, na mie unisahau."

"Mimi nimekaa kwenye stuli ya duka miaka thelathini na tano," alisema Bi Shehnaz. "Kukaa ndiyo kazi yangu."

Kundi la kwanza liliisha haraka kuliko mbio za Jumamosi. Mikono iliyozoea kuvuta mafuta haikujua kuyapunguza. Wa Mbweni alishtuka akaruka mbele, akafika wa kwanza, akainua mikono kushangilia, mpaka wenzake walipomkumbusha kwamba kufika kwanza ndiko kushindwa. Wa makuti alipinduka na paa lake, na yule abiria alitoka chini ya makuti na ute wa mayai kichwani, akicheka kuliko wanaomcheka. Makundi mengine nayo yakapukutika, na kwenye fainali wakabaki wawili: Deogratias, aliyempakia mchumba wake Loveness, na Rosalia na embe lake bivu.

Walianza. Rosalia aliishika klachi nusu, mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma, macho mbali kwenye mstari wa pili, kama anavyotazama daima kule mbele ya shimo na si ndani yake. Pikipiki ilinguruma chini chini na kusogea upana wa kiganja.

"Rosalia," alisema Bi Shehnaz pembeni ya sikio lake, "tumesimama?"

"Tunakwenda."

"Mbona naiona bendera ileile?"

"Ndiyo kwenda kwenyewe."

Deogratias hakuwa mjinga. Alikuwa ameyumba mara mbili akajirudi, jasho linamtiririka. "Mama Kobe," alisema kwa meno yaliyofungwa, "leo utalala njiani."

"Legeza bega, mwanangu. Unaibana pikipiki kama inakudai."

Alisema bila kufikiri, kama ambavyo angemwambia yeyote anayejifunza, na kijana akalegeza bega, na kweli pikipiki ikatulia. Watu waliokuwa karibu walisikia wakatazamana.

Hatua ya ishirini na tano nzi alitua puani kwa Loveness. Alivumilia. Nzi akatembea. Loveness alipuliza, akatikisa kichwa, yai moja likainuka kwenye kitundu chake na kuanza kuviringika, naye akaliinamia kwa yowe. Pikipiki ilimfuata alikoinamia. Deogratias aliwahi kuliokoa yai kwa mkono wa kushoto, lakini mguu wake ulizama kwenye tope hadi kifundoni.

Kelele zilizopigwa zilisikika, bila shaka, hadi kaunta ya Zoeb. Rosalia alikuwa ameshashinda, angeweza kusimama. Hakusimama. Mzigo ulikuwa haujafika. Aliendelea na hatua zake kumi na tano zilizobaki, kwa mwendo uleule, na watu wakaanza kupiga makofi ya polepole kumfuata, singeli ikazimwa kwa kukosa kazi, na mtu mmoja akaenda kununua mishkaki, akarudi, akamkuta bado. Alipovuka majivu, Bi Shehnaz aliinua trei juu kama kikombe cha mpira. Hakuna yai lililopata hata ufa.

Sasa ikabaki habari ya kizibao. Saa nane msafara ulikuwa unaondoka kwenda Bunju na kurudi, na desturi ni kwamba namba moja anatangulia, na hakuna wa kumpita.

"Haya, mtani," Ansbert alisema, "nakomboa. Taja. Kuku? Kreti ya soda?"

"Namba saba."

Ansbert alishusha kipaza sauti kama anayetaka kusogea pembeni wakaongee. Rosalia hakusogea. Akakitazama kile kipaza, naye Ansbert akakitazama, kisha akakipandisha tena mdomoni.

"Ile karatasi," alisema, "nilimsomea nusu."

Akakihamishia kipaza mkono wa pili.

"Dada yangu alikuwa ananililia kila siku kuhusu kijana wake. Nikaandika, nikamsomea nusu, nusu ya pili nikakaa nayo mwenyewe. Mtani, nilikosa."

Miaka miwili Rosalia alikuwa akiyapanga maneno ya siku kama ile. Alikuwa nayo ya asubuhi na ya jioni, ya njia ya Bunju na ya njia ya Tegeta, makali yote. Akayatafuta, akakuta yamebaki machache.

"Hiyo nusu ya pili," alisema, "mie ndiyo niliyoishi nayo."

Ansbert aliinamisha kichwa. Deogratias alisogea, kiatu kimoja cha tope kikilia chwaa, chwaa. Alikuwa anafungua zipu ya kizibao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mie niliambiwa umestaafu."

"Nina miaka arobaini na saba. Nastaafu nini?"

Kijana alimpa kizibao kwa mikono miwili. Rosalia alikipokea, akapitisha kidole juu ya lile jembe dogo, juu na kisha mteremko wake. Kilikuwa kimefuliwa vizuri. Hilo alimhesabia kijana upande wa mema.

"Sasa mie nitavaa nini?" aliuliza Deogratias.

"Kumi na nane, namba inayofuata. Utakaa nyuma yangu, utajifunza kubeba mayai."

Watu wakacheka, na Deogratias akacheka nao akitazama kiatu chake. Ansbert alinyoosha mkono kudai namba moja. Rosalia alimpiga kofi dogo kiganjani.

"Bado, mtani."

"Si nimekomboa?"

"Saba ilikuwa yangu. Umewahi kuona mtu anakomboa kitu kwa mali ya mwenzake? Chako hujakilipia. Kuku nitamchagua mwenyewe kesho, kule mabandani, namjua mnene ni yupi. Leo nina msafara."

Wangoni wawili kutoka Tegeta walianguka kwenye nyasi kwa kicheko. Ansbert alitafuta pa kukasirikia akakosa, na kukasirika kungemgharimu kuku wa pili.

Basi saa nane kamili, msafara ulitoka uwanjani na kuingia Barabara ya Bagamoyo. Mbele alikuwa Rosalia, namba saba amevaa ndani na namba moja juu yake, na nyuma yake Bi Shehnaz, amepakata trei la mayai alilozawadiwa mshindi. Kwa kuwa kulikuwa na mayai, alikwenda mwendo wa mayai. Nyuma yake zilijipanga pikipiki mia na ushee, maua, spika, makuti yaliyopinda, vijana wanaojulikana kwa kupita magari kulia na kushoto, wote sasa wanayumba na kukaza klachi wasianguke. Trafiki wa njia panda alitoka kivulini kuwatazama, akatafuta kosa, hakuliona, akawapigia saluti.

"Mtani," Ansbert alilalamika kutoka nyuma, "gia ya pili haipo?"

"Ipo. Imepumzika. Iliandika karatasi."

Kicheko kilipita mstari mzima, kikawa kinarudi kutoka nyuma kwa kadiri wa mwisho walivyosimuliwa. Kando ya barabara watu walitoka madukani. Flaviana alikuwa miongoni mwao, na sahani ya pilau mkononi.

"Rosalia! Si ulisema huendi?"

"Sikwenda," alijibu, macho mbele ya shimo. "Nilipeleka mayai tu."